Maumivu yanayopanda: jinsi ya kumtambua mapema mtoto ambaye misuli yake inabanwa baada ya kuumia

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika wodi ya watoto, na mama mmoja alinifuata mezani mara tatu. Mwanawe wa miaka sita alikuwa ameanguka kutoka kwenye mwembe, akavunjika mfupa wa mkono juu kidogo ya kiwiko, akafungwa plasta. Mara ya kwanza mama alisema, "Nesi, mtoto analia." Nikampa mtoto dawa ya maumivu. Mara ya pili akasema dawa haijamsaidia. Mara ya tatu, ikikaribia saa nane za usiku, alisema: "Nesi, mimi namjua mwanangu. Hiki si kilio cha mchana."

Nilikwenda kitandani nikamgusa mtoto vidole. Vilikuwa na joto. Nikambonyeza ukucha nikauachia, wekundu ukarudi upesi. Nikamwambia mama kwamba mfupa uliovunjika lazima uume, avumilie mpaka daktari apite asubuhi.

Asubuhi plasta ilipofunguliwa, mkono ulikuwa mgumu kama ubao. Mtoto alipelekwa chumba cha upasuaji, lakini sehemu ya misuli ilikuwa imeshakufa. Vidole vya mkono ule vimebaki vimekunjika, na shati lake anafungwa vifungo na wengine. Yote niliyopima usiku ule ni mambo ambayo huharibika mwishoni kabisa. Jambo linaloharibika kwanza alinieleza mama yake, tena mara tatu.

Mwongozo huu nauandika kwa mzazi aliye na mtoto aliyefungwa plasta, na kwa muuguzi au tabibu wa zahanati ambaye mtoto wa namna hiyo ataletwa kwake usiku.

Kinachotokea ndani ya mkono

Misuli ya mkono na mguu imegawanyika katika vyumba, na kila chumba kimezungushiwa ala ngumu isiyotanuka. Mkono, chini ya kiwiko, una vyumba 3. Mguu, chini ya goti, una vyumba 4. Ndani ya kila chumba mnapita pia mishipa ya damu, na mara nyingi neva inayopeleka hisia na nguvu kwenye vidole.

Mtoto akivunjika au akipondwa, damu na maji huvujia ndani ya chumba hicho. Ngozi inaweza kutanuka, ala haiwezi. Shinikizo linapanda. Kwa kawaida linakuwa karibu milimita 10 za zebaki, kwa watoto pengine juu kidogo ya hapo. Likifika 30 au 40, vile vishipa vyembamba kabisa vinavyolisha msuli vinabanwa na kufunga. Lakini mshipa mkubwa wa damu una presha inayokaribia 100, kwa hiyo damu yake inaendelea kupita hadi kwenye vidole. Ndiyo maana mapigo ya mkono yanasikika vizuri na vidole vina joto wakati msuli wa juu yake unakosa hewa na unakufa. Hata kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kwenye kidole kinaweza kusoma 98 saa ileile. Madaktari huiita hali hii sindromu ya kompatimenti.

Msuli uliokosa damu huweza kupona ukifunguliwa ndani ya saa 4 hivi. Ikifika saa 6 hadi 8, sehemu kubwa ya uharibifu haitarudi tena. Kinachobaki baadaye ni kovu linalojikunja na kuvuta vidole viwe kama makucha. Daktari mpasuaji wa Kijerumani, Richard von Volkmann, alieleza ulemavu huo mwaka 1881, akauhusisha na bandeji zilizokazwa mno kwenye mikono iliyovunjika, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Watoto wa kwetu bado wanaupata, kwa plasta na kwa mabanzi ya waganga wa mifupa.

Mtoto gani aangaliwe kwa karibu zaidi

Wa kwanza kwangu ni yule aliyevunjika juu ya kiwiko. Huo ndio mvunjiko wa mwembe, wa mnazi, wa ukuta na wa baiskeli: mtoto anaanguka, ananyoosha mkono kujikinga, kiwiko kinapokea uzito wote. Ikiwa mtoto huyohuyo amevunjika pia mifupa ya chini ya kiwiko, hatari inaongezeka sana. Hatari inaongezeka vilevile kiwiko kikifungwa kikiwa kimekunjwa kupita pembe ya mraba, kwa sababu mkunjo wenyewe unabana njia ya damu mahali palipovimba.

Wa pili ni aliyevunjika muundi, hasa akigongwa na bodaboda au gari. Wa tatu ni yeyote aliyepondwa na kitu kizito, hata kama picha ya eksirei haionyeshi mfupa uliovunjika. Wengi hudhani bila mvunjiko hakuna hatari, si kweli. Wala kidonda kilicho wazi juu ya mvunjiko hakimaanishi kwamba ala imefunguka na shinikizo limetoka.

Wapo wengine wa kukumbuka: aliyeungua moto uliozunguka mkono au mguu mzima, aliyeumwa na kifutu, mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, na mtoto mdogo ambaye dripu imetoka nje ya mshipa ikaendelea kumwaga maji kwenye nyama. Kwa aliyeumwa na nyoka, msifunge kamba juu ya jeraha. Kamba inaongeza tatizo hilihili.

Muda wa hatari zaidi ni saa 24 za kwanza, lakini uvimbe unaendelea kukua hadi siku ya pili na ya tatu. Mtoto anayeruhusiwa kwenda nyumbani jioni ileile aliyofungwa plasta anarudi nyumbani katikati ya hatari, na aliye naye ni mama, bibi au dada.

Hatua ya kwanza: weka kumbukumbu tangu mwanzo

Chukua kalamu. Andika saa mtoto alipoumia, saa alipofungwa, na kila dawa ya maumivu aliyopewa pamoja na saa yake. Wapo wanaoandika juu ya plasta yenyewe, na mimi napenda hivyo kwa sababu karatasi hupotea njiani.

Katika siku ya kwanza mwangalie kila saa akiwa wodini. Nyumbani, mwangalie kila saa akiwa macho na umwamshe mara kadhaa usiku. Kila mara jiulize swali moja: tangu nilipomwangalia mara ya mwisho, amepata nafuu au amezidi? Hali ya mtoto kwa wakati mmoja haikwambii mengi. Mwelekeo ndio unaokwambia.

Hatua ya pili: sikiliza maumivu

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote, kwa hiyo nitakawia.

Mvunjiko wa kawaida unauma sana hadi mfupa unapowekwa sawa na kutulizwa. Baada ya hapo maumivu yanaanza kushuka. Mtoto anapewa parasetamo kulingana na uzito wake, miligramu 15 kwa kila kilo, analala, anaamka analalamika kidogo, anaomba chai. Kesho yake anataka kucheza.

Mtoto ambaye misuli yake inabanwa anakwenda kinyume. Alitulia baada ya plasta, kisha saa kadhaa baadaye anaanza upya, na safari hii hanyamazi. Mambo matatu huja pamoja, na kwa watoto huwa yanatangulia dalili nyingine kwa saa nyingi.

Kwanza, anahitaji dawa zaidi na zaidi. Dozi iliyomtuliza mchana haimtulizi jioni, au anaomba nyingine kabla ya wakati. Mkienda hadi dawa kali ya sindano na bado analia, msifikirie kuongeza dozi tu. Jiulizeni kwa nini anaihitaji.

Pili, ana hofu. Anamshika mama asiondoke, macho yamemtoka, anashtuka mtu akikaribia kitanda.

Tatu, hatulii. Anajigeuza, anapiga mguu usioumia kitandani, anakataa chakula, anakataa kubebwa, anakataa simu yenye katuni ambayo asubuhi ilimnyamazisha. Watu wazima husema mtoto amedeka. Nimelisikia neno hilo mara nyingi kando ya vitanda, na ninaomba liondoke wodini kabisa wakati mtoto ana plasta ya siku moja.

Kwa mtoto ambaye hajajua kusema, kilio chenyewe ndicho lugha. Kilio kisichokatika hata akipewa ziwa, mkono usiogusika, vidole asivyovichezesha: hayo yanatosha. Kwa mtoto aliyechomwa sindano ya ganzi ya mkono mzima, mambo ni magumu zaidi kwa sababu ganzi inaficha maumivu. Huyo apimwe kwa hatua zinazofuata na asiachwe peke yake. Vivyo hivyo kwa aliyeumia kichwa au mwenye ulemavu unaomzuia kueleza.

Na mzazi akisema "kilio hiki si chake", andika maneno hayo kwenye faili kama unavyoandika joto na mapigo, kisha yafanyie kazi.

Hatua ya tatu: mnyooshe kidole

Hiki ni kipimo cha dakika moja na hakihitaji chombo. Shika kidole kimoja cha mkono uliofungwa, kile cha kati kwa mfano, na ukinyooshe taratibu kabisa huku ukimwangalia mtoto usoni, usiangalie mkono. Kwa mguu, vivute vidole vya mguu kwenda juu, kisha chini.

Mtoto mwenye mvunjiko wa kawaida atakunja uso, lakini atavumilia. Mwenye misuli inayobanwa atapiga ukelele au atarudisha mkono kwa nguvu, na maumivu atayasikia juu, kwenye nyama ya mkono chini ya kiwiko au kwenye shavu la mguu, mbali na kidole ulichoshika. Unapovuta kidole unaunyoosha msuli uliokosa damu, na msuli huo hauwezi kustahimili. Anza na mkono usioumia, ili mtoto ajue unachofanya na wewe ujue kawaida yake.

Kama sehemu ya nyama inafikika kwa mkono, iguse. Nyama iliyovimba kawaida hubonyea kidogo. Inayobanwa imekaza, ngozi inang'aa, na hata mguso mwepesi hauvumiliki.

Hatua ya nne: mchezo wa vidole

Mwambie mtoto mcheze. Afunge ngumi. Afungue kiganja kiwe kama karatasi. Atanue vidole viwili kama mkasi. Mwisho aunganishe ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada ifanyike duara. Kila umbo linapima neva au tawi lake. Watoto wa miaka minne na kuendelea wanaupenda mchezo huu, hata walio na maumivu hujaribu. Kisha gusa ncha za vidole kwa pamba akiwa amefumba macho, aseme umegusa wapi. Kwenye mguu, gusa ngozi iliyo kati ya kidole gumba na kinachofuata. Ganzi inayoanza hapo inaonyesha chumba cha mbele cha mguu kimebanwa.

Neva huweza kuumia palepale mtoto alipoanguka, kwa hiyo mtoto anayeshindwa duara tangu alipofika si lazima awe na tatizo la shinikizo. Wa kukutisha ni yule aliyefanya duara saa kumi jioni na saa mbili usiku hawezi. Ndiyo sababu ya kupima mara ya kwanza kabla ya plasta na kuandika.

Ganzi, kuchomwachomwa, udhaifu, weupe wa vidole, ubaridi, kupotea kwa mapigo: hizi ndizo dalili tulizokariri chuoni. Zikionekana, mtoto apelekwe mbio, lakini anayezisubiri atafika amechelewa. Mapigo hasa: yakikosekana hiyo ni dharura ya mshipa mkubwa, yakiwepo hayathibitishi chochote kuhusu msuli.

Hatua ya tano: fungua kila kinachobana, mpaka kwenye ngozi

Ukishuku, fungua. Usisubiri uhakika. Mfupa ukisogea utarudishwa kesho. Msuli uliokufa haurudi.

Kwa muuguzi na tabibu: plasta nzima ipasuliwe pande zote mbili kwa urefu wake wote, kisha pamba iliyo chini yake na bandeji zikatwe vilevile mpaka uone ngozi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kupasua plasta na kuiacha pamba. Pamba iliyolowa damu ikakauka hubana kama kamba. Plasta ya nusu, ile ya kuegemeza, ikatwe bandeji yake yote na ubao wa plasta ubaki chini kama tegemeo. Kiwiko kilichokunjwa sana kilegezwe kielekee kunyooka.

Kwa mzazi aliye nyumbani: bandeji na mabanzi ya miti au mianzi yakatwe yote, hata kama mganga amesema yasiguswe mpaka siku saba. Plasta ya nusu, kata bandeji kwa mkasi ukianzia upande usio na jeraha. Plasta nzima usiipasue kwa kisu wala panga. Kimbilia kituo chochote cha karibu, hata zahanati. Ikiwa usafiri utachelewa na plasta ni ile nyeupe ya unga, isiyo na kidonda wala pini ndani, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ilainike, kisha uifunue taratibu kama unavyofunua bandeji. Akina mama wa watoto wenye nyayo zilizopinda hufanya hivyo nyumbani kabla ya kliniki, na inawezekana. Ile plasta ya rangi iliyo kama plastiki hailainiki kwa maji.

Mkono au mguu uwekwe usawa wa moyo. Kwa uvimbe wa kawaida tunauinua juu ya mto, na ni sawa. Lakini ukishashuku misuli inabanwa, ushushe usawa wa kifua, kwa sababu ukiuinua juu unapunguza damu kidogo iliyobaki kuingia. Usikande kwa maji ya moto, usichue kwa mafuta, na barafu nayo iache. Najua kukanda ni upendo wa bibi na shangazi, ila hapa kunaongeza uvimbe.

Baada ya kufungua, mwangalie kwa nusu saa hadi saa moja, lakini mkiwa tayari kwenye safari au daktari akiwa ameshaitwa. Wengine hupata nafuu papo hapo na hawahitaji kisu. Daktari ndiye atakayeamua. Asiyepata nafuu anahitaji operesheni sasa hivi.

Hatua ya sita: mpeleke na useme kinachotakiwa

Nenda penye daktari wa upasuaji na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku. Piga simu kabla, ili msifike mkaambiwa muende kwingine. Mtoto asile chochote njiani, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi. Mwambieni daktari saa aliyokula mara ya mwisho. Dawa ya maumivu apewe. Kuna wanaomnyima mtoto dawa eti isifiche dalili, na huo ni ukatili usio na faida. Maumivu ya msuli unaokufa hayafichwi na dozi ya kawaida, na hilo ndilo linalotuonyesha ugonjwa.

Dirishani mzazi akisema tu "mtoto anaumwa mkono," atakaa foleni. Sema hivi: "Mwanangu amevunjika mkono jana saa kumi jioni. Amepewa dawa ya maumivu mara tatu, haimsaidii, na maumivu yanapanda. Akinyooshwa kidole anapiga kelele. Plasta tumeifungua saa tatu na bado. Naomba aonwe na daktari wa mifupa sasa hivi, nahofia misuli inabanwa." Ukijibiwa kwamba vidole vina joto, jibu kwa heshima kwamba unajua, na kwamba tatizo unalohofia haliondoi joto la vidole mapema. Mnaosoma mkiwa upande wa pili wa dirisha, mzazi huyo msimkaripie.

Hospitalini

Kuna chombo cha kupima shinikizo ndani ya chumba cha msuli kwa sindano. Daktari analinganisha namba hiyo na presha ya chini ya mtoto, yaani ile namba ya pili kwenye kipimo cha presha; tofauti ikiwa chini ya milimita 30, operesheni haikwepeki. Watoto wana presha ya chini iliyo ndogo, kwa hiyo shinikizo dogo kuliko la mtu mzima linawatosha kuharibika. Hospitali nyingi hazina chombo hicho na hilo si sababu ya kungoja. Mtoto akiwa na maumivu yanayopanda, nyama iliyokaza na ukelele wa kunyooshwa kidole, dalili zinatosha kumpeleka chumba cha upasuaji.

Mkojo nao uangaliwe. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi au kahawa, mabaki ya misuli iliyokufa yameingia kwenye damu na figo ziko hatarini. Ataongezewa maji kwa mshipa.

Operesheni yenyewe inaitwa fasiotomi. Daktari anapasua ngozi na ile ala kwa urefu, msuli unachomoza nje, na ukiwa bado hai unarudi wekundu wake mbele ya macho. Wazazi wanashtuka wakiona mtoto anatoka na mkono uliofungwa gozi juu ya kidonda kirefu ambacho hakikushonwa. Kimeachwa wazi makusudi, kwa kuwa uvimbe bado upo. Baada ya siku 2 au 3 kinatazamwa tena, na kitafungwa uvimbe ukishuka, pengine kwa kubandikwa ngozi iliyotolewa pajani. Mazoezi ya vidole yanaanza mapema daktari akiruhusu, mara nyingi kidonda kikiwa bado chini ya bandeji: ngumi, karatasi, mkasi, duara, mtoto akiwa amekaa kitandani na mama yake akicheza naye.